Mtoto Anayejulikana kwa Jina



Mmeniomba niseme machache hapa shuleni kuhusu maadili ya mji wetu wa Tunduma. Huenda mnatarajia nianze na mpaka wetu na Zambia: magendo, njia za panya, rushwa. Nitafika huko. Lakini naanzia kidato cha kwanza, kwa sababu raia jasiri hulelewa pale, au hunyamazishwa palepale.

Mtazameni mtoto anayeanza sekondari hapa Tunduma. Nyumbani anaongea Kinyamwanga au Kinyiha, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, na Januari anakutana na fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Mwalimu anauliza swali. Jibu analo, maneno hana. Ananyoosha mkono, anakosea, wenzake wanaangua kicheko. Mkono ule hamtauona tena mwaka mzima. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto, kisha tunawaacha wachekwe wakiuliza.

Katika shule ndogo kama hii yenu, mtoto huyohuyo hakai wiki mbili kabla mwalimu hajamjua jina, akajua kwamba anatoka Chapwa na kwamba mama yake anauza viazi kando ya foleni ya malori. Akikwama anaambiwa, "Sema kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chake tutakitafuta pamoja." Asubuhi hii mmemsikia binti wa kidato cha pili akisoma risala. Alijikwaa kwenye tarakimu moja, akarudi nyuma, akaisoma upya, akaendelea. Hakuna aliyeguna. Hapo niliiona kazi ya walimu hawa zaidi kuliko ambavyo ningeiona kwenye matokeo ya mtihani.

Udogo peke yake hautoshi. Shule ndogo yenye kejeli ni mbaya kuliko kubwa, maana mtoto hana pa kujificha. Kinachomjenga ni kuwepo kwa mtu mzima mmoja anayemfuatilia, anayeuliza jana alikuwa wapi na akasubiri jibu. Chukueni msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito: tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu, kwa waraka, arudi darasani. Waraka unamfungulia geti. Lakini nani atamsalimia akishaingia, nani atakaa naye mapumziko? Hilo waraka hauwezi kulifanya, ni letu sisi.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la 1967, Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu impe kijana akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wenzake, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wengine. Tumezijenga shule nyingi tangu hapo. Hilo la kujiamini tumeliachia bahati.

Na hasara yake tunaiona ukubwani. Katika mikutano ya vijiji vyetu vya Momba na Mbozi, taarifa ya mapato na matumizi inasomwa harakaharaka, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, na umati mzima unatazama chini. Pale mpakani, Tanzania na Zambia zilizindua mwaka 2019 kituo cha kutoa huduma kwa pamoja, ili msafiri na mfanyabiashara wasihangaike pande mbili. Ni jambo jema. Lakini jengo haliwezi kumdai stakabadhi ofisa anayetaka rushwa. Anayedai ni mama mwenye magunia yake mawili, akiwa amezoea tangu utotoni kwamba swali lake lina haki ya kujibiwa.

Najua shule hii haitabaki ndogo. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya laki mbili katika mji huu, na tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Watoto wanakuja, na waje wote. Asiwepo atakayetamani turudi kule ambako mtoto wa maskini alibaki nyumbani kwa kukosa ada. Tunachoweza kukilinda ni ukaribu. Shule ikiwa na wanafunzi 600 na walimu 30, kila mwalimu akabidhiwe 20, awe mlezi wao tangu kidato cha kwanza hadi wamalize. Haihitaji bajeti ya ujenzi. Inahitaji saa moja kila wiki isiyoguswa na kipindi kingine chochote, na wazazi wanaopokea simu ya mlezi bila kudhani kwamba wanadaiwa mchango.

Mheshimiwa Diwani, utusemee halmashauri tupate walimu wa kutosha, maana mlezi mwenye watoto 60 hawezi kumlea hata mmoja. Mkuu wa Shule, nakuomba orodha ya walezi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla shule haijafunguliwa Januari. Na ninyi wazazi wenzangu, njooni muisome, mtafuteni mlezi wa mwanao, mpeni namba zenu za simu.