Moshi wa Buni Utoke Nje

Msikilizaji, kama unakaanga kahawa nyumbani kwa mashine ndogo, kagua kwanza bomba la kutolea moshi. Buni inapoanza kulia pa! pa!, joto lake limekaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Hewa inayotoka hapo hubeba moshi, mafuta na yale maganda membamba yanayopeperuka, ambayo hushika moto upesi mno. Basi tumia bomba la bati, si la plastiki, na lisiguse pazia wala mbao za dari. Liwe fupi: kwenye kila kona hewa hupunguza mwendo, na maganda hujikusanya papo hapo. Lisafishe mara kwa mara, mashine ikiwa imepoa.

Feni ya kuvuta moshi nayo haifui dafu chumba kikifungwa. Acha dirisha wazi hewa safi iingie.

Na wewe unayekaangia kwenye jiko la mkaa, tafadhali sana, litoe nje. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu, toka nje mara moja.

Maganda yakiwaka ndani ya mashine, kata umeme na usifungue mlango. Hewa mpya itauchochea moto.