Kufumua Si Hasara

Somo: Mathayo 5:23-24



Huku kwetu katika milima ya Kilungu, akina mama wamezoea kusuka vyondo vya katani. Lakini mwaka mmoja kikundi chetu cha kanisa kililetewa zawadi kutoka Ayalandi: kitambaa kigumu chenye matundu madogo madogo, sindano, nyuzi za rangi, na picha ya kufuata. Ilikuwa picha ya Mwamba wa Cashel, mahali penye magofu ya kanisa kuu la karne ya 13 na mnara wa mviringo wenye urefu wa mita 28 hivi. Tukakubaliana kuidarizi, tuitoe siku ya sadaka ya mavuno.

Kazi hiyo ni ya kuhesabu. Kila mshono una tundu lake. Tulianza chini, tukapanda. Baada ya majuma matatu tukatazama, kumbe mnara umeinama! Tulikuwa tumeruka tundu moja, kisha safu iliyofuata tukaifuatisha ile yenye kosa, badala ya kuitazama picha.

Wengine wetu tukasema, "Tuache tu. Kwa mbali haitaonekana." Nyanya mmoja akatwaa sindano, akaanza kufumua. Akasema, "Binti zangu, sadaka ya Mungu haitazamwi kwa mbali."

Neno hilo lilituchoma. Kwa maana wawili kati yetu walikuwa wakikaa chumba kimoja bila kusalimiana. Mmoja alikuwa amepanda mkonge wa mpaka hatua moja ndani ya shamba la mwenzake, na msimu uliofuata hatua nyingine. Sote tulijua, tukanyamaza.

Kesho yake alfajiri tulimwona mama yule na jembe, aking'oa mkonge wake. Kisha akaenda kubisha mlango wa jirani.

Wapenzi, dhambi huanza kwa tundu moja. Tukijipima kwa jana yetu, tutazidi kuinama, tumtazame Kristo. Naye anatuagiza tukapatane kwanza, ndipo tutoe sadaka. Kufumua kunaumiza, lakini uzi haupotei. Huo huo ulishona mnara ulionyooka.

Sasa akina mama wanataka kudarizi mlima wetu wa Nzaui, ambako mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Scott alifariki Desemba 1896. Injili iliyoletwa kwa gharama hiyo haifai kupambwa ukutani na kuvunjwa shambani.

Je, ndugu msikilizaji, uko mpaka uliousogeza? Nenda leo.

Tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe tulipokosea kuhesabu, utupe moyo wa kufumua. Kwa jina la Yesu. Amina.