Kazi ya Vijana na Elimu Isiyo Rasmi: Njia ya Mwanazuoni Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Elimu isiyo rasmi ni mafunzo yaliyopangwa kwa makusudi nje ya ngazi za shule, kwa kundi maalumu lenye haja maalumu. Maana hiyo ilienezwa na Philip Coombs na Manzoor Ahmed katika kitabu chao cha 1974 kuhusu umaskini wa vijijini. Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa na mafunzo ya namna hiyo kabla ya shule kufika. Dugsi, yaani madrasa ya Kurani, ya wafugaji wa Kisomali huhama pamoja na familia. Maalimu huishi na anaowafundisha, watoto huandika aya kwenye ubao wa mbao, na vipindi huwekwa alfajiri na jioni ili mchana mifugo ichungwe. Shule za kuhamahama zimeazima mpango huo, na leo zina baraza lake la kitaifa, NACONEK, lililowekewa msingi na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Msomi anayeanza taaluma hii katika eneo hili hana budi kuanza na dugsi, kwa kuwa ndiyo taasisi ambayo vijana wengi anaowatafiti waliipitia kwanza.

Kazi ya vijana, yaani kuwahudumia na kuwaongoza vijana, ni pana zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010 humhesabu kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35, na kazi hiyo huwafuata wenye umri huo katika vikundi vya amani, michezo, vyuo vya ufundi, biashara ndogo na kambi za wakimbizi.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa namna maarifa ya nyanjani yanavyogeuka kuwa elimu ya darasani ni Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Mapigano ya koo yalipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha kuwa mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kuzuiwa. Kutoka hapo waliwaendea wazee, kisha vijana, na 1993 wazee wakafikia mapatano ya amani, Azimio la Al-Fatah. Mpango huo ulikua ukawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Dekha alishiriki kuandika kitabu cha mafunzo ya utatuzi wa migogoro kilichotoka 2000, kinachotumiwa na wakufunzi katika nchi nyingi, na 2007 akapata Tuzo ya Right Livelihood. Alifariki 2011. Safari yake inastahili kusomwa kwa makini: nadharia ilikuja baada ya kazi, na iliandikwa na waliokuwa wameifanya.

Kwa kawaida ngazi ya chuo kikuu hupandwa kwa utaratibu mwingine. Shahada ya kwanza huwa ya elimu, sosholojia, kazi ya jamii au masomo ya amani. Hufuata uzamili, halafu uzamifu, ambao ndio sifa inayotarajiwa kwa cheo cha mhadhiri. Kupanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa hutegemea sana makala zilizochapishwa na wanafunzi wa uzamili waliosimamiwa. Miaka ya kuongoza kikundi cha vijana Ijara au Modogashe huhesabiwa kidogo mno. Hilo ni kosa la mfumo, na linaumiza zaidi fani ambayo malighafi yake ni kazi hiyo hiyo.

Chuo Kikuu cha Garissa, kilichoanza kama chuo cha ualimu na kupata hati kamili 2017, kimeisogeza ngazi hiyo karibu na wenyeji, licha ya shambulio la Aprili 2, 2015 lililoua watu 148. Dadaab nako, ambako kambi za wakimbizi zilifunguliwa 1991, mradi ulioanza 2013 uliunganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya Kanada, York na British Columbia, ili walimu wakimbizi wasomee shahada papo hapo Dadaab. Wengi wao walikuwa wakifundisha kwa posho wakiwa na cheti cha sekondari tu.

Utafiti wenyewe una masharti yake. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hutangulia, kisha ofisi za kaunti, kisha chifu na wazee. Anayeruka hatua ya mwisho hupata majibu ya adabu yasiyo na kitu ndani. Mtafiti wa kiume huhitaji mwenzake wa kike ili kuwasikiliza wasichana. Mahojiano hufanyika kwa Kisomali na makala huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nakala ya maneno ya asili ihifadhiwe. Tathmini za mashirika ni mtego mwingine: hulipa vizuri, lakini ripoti hubaki mali ya shirika. Haki ya kutumia data hiyo kitaaluma yafaa iandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza.

Mbinu inayofaa zaidi ina asili Afrika Mashariki. Utafiti shirikishi ulipata umbo lake Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, kupitia Marja-Liisa Swantz wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Budd Hall wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ndani yake kijana huchagua swali, hukusanya majibu na hukaa kwenye kikao cha kuyafasiri, na jina lake huweza kuwekwa kwenye makala.

Nje ya vyuo vikuu, nafasi zipo pia katika serikali za kaunti, ambazo Katiba imezikabidhi elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.