Maarifa ya Kiwandani ni Mali ya Ushirika



Miaka kumi imetimia tangu Chama chetu Kikuu kuundwa, na leo sisi wa Kamati twaleta mbele yenu shauri la kiwanda cha kuchambulia pamba. Mitambo mipya itanunuliwa kwa fedha zenu. Lakini mitambo ile ile huuzwa kwa yeyote mwenye fedha, hata kwa washindani wetu. Basi ni kitu gani kitakachotuwezesha kuwashinda? Twajibu: ni maarifa ya kazi, yaliyokusanywa na watu wetu wote.

Tutazame Japani. Sakichi Toyoda, mwana wa seremala, alikamilisha mwaka 1924 mashine ya kufumia iliyojisimamisha yenyewe uzi ulipokatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Kampuni ya magari ya Toyota, iliyoasisiwa na mwanawe Kiichiro mwaka 1937, ilirithi kanuni hiyo: kosa lionekanapo, kazi isimame, chanzo kitafutwe. Mhandisi Taiichi Ohno aliwafundisha wafanyakazi kuuliza “kwa nini” mara tano. Mtambo umesimama, kwa nini? Umeelemewa, fyuzi ikaungua. Kwa nini? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haivuti vema. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini? Hapakuwa na chujio, chembe za chuma zikaingia. Akomeaye swali la kwanza hubadili fyuzi tu, na mtambo husimama tena.

Huko Marekani, kampuni ya General Motors ilikifunga kiwanda chake cha Fremont, California, mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale wa zamani. Lakini mamia walipelekwa Japani kujifunza, na kila mmoja akapewa ruhusa ya kuvuta kamba aonapo kasoro. Ubora wa magari ukapanda upesi. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kuyaeneza mafunzo hayo katika viwanda vingine vya General Motors, maana maarifa hayasafiri kwa amri; husafiri kwa watu na kwa mazoea.

Kwa hiyo twauomba Mkutano Mkuu ukubali mambo matatu. Kwanza, sehemu ya fedha za mitambo itengwe kwa mafunzo ya mafundi. Pili, kila kinu kisimamapo, chanzo chake kiandikwe daftarini. Tatu, asiadhibiwe mtu yeyote, hata kibarua, kwa kusimamisha mashine yenye kasoro.

Hatuwafichi gharama: malipo ya pili ya msimu huu yatapungua. Lakini kinu kinachokata nyuzi hushusha daraja la pamba, na hasara humfikia kila mkulima.

Wahenga wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo yalivyo maarifa: fundi mzee akistaafu asimfundishe kijana, ghala letu limeibwa na mlango haukuvunjwa.

Ushirika na udumu.