Kilo 2 za nyama kwa watu 14

Niko hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya.

Juzi Jumapili nilishuhudia ugomvi mdogo wa jikoni, na ugomvi huo ndio mada yangu ya leo. Binti wa dada yangu amerudi kutoka Korea Kusini, alikokaa miaka 2 masomoni. Aliomba atupikie nyama ya ng'ombe kwa namna aliyoizoea huko. Dada yangu akafurahi, akaita ndugu na majirani, tukawa watu 14. Furaha iliisha pale binti aliporudi kutoka buchani na kilo 2 tu za steki.

"Kilo mbili? Watu wote hawa?" dada akauliza. "Unataka majirani watoke hapa wakisema nini?"

"Mama, nyama inatosha," binti akajibu. "Kilichobaki ni kuchagua vitu vya kuliwa pamoja nayo."

Dada alikuwa na orodha yake tayari: pilau, chipsi, mayai ya kuchemsha na soda. Wote wawili wakanigeukia mimi niamue. Nami nikakwepa, kama wajomba wengi wanavyokwepa, nikajitolea kubeba kikapu hadi sokoni.

Soko letu la Mwanjelwa, lile lililoungua mwaka 2006 na kujengwa upya, wengi mnalijua. Mchele unatoka Kyela na Mbarali, ndizi na maparachichi Rungwe, viazi na kabichi Umalila na Uporoto. Tukiwa tunapita kati ya mafungu ya karoti, binti akaniuliza, "Mjomba, nyama ya leo itakuwa na ladha gani?"

Nikamwambia sijui. Akanieleza. Nyama hiyo Wakorea huiita bulgogi, maana yake nyama ya moto. Hukatwa vipande vyembamba kama karatasi, ikalowekwa katika soya sosi, sukari kidogo, vitunguu saumu, pilipili manga, mafuta ya ufuta na tunda la peasi lililokunwa, kisha hupitishwa motoni dakika chache tu. Kwa hiyo ina utamu, ina chumvi na ina mafuta.

"Sasa, mjomba, ukiiweka na pilau, utakuwa umeweka mafuta juu ya mafuta na viungo juu ya viungo. Ukiiweka na chipsi, mtu atashiba mafuta kabla hajaonja nyama. Tutafute vile ambavyo nyama haina."

Ndugu wasikilizaji, katika maneno hayo machache nilipata somo ambalo sikulipata katika karamu zote nilizohudhuria. Nyama haina ukali, basi tulete kitu chenye ukali. Haina uchungu, tulete majani. Ni laini, tulete kitu cha kutafuna kinacholia mdomoni. Ina chumvi, basi wali uwe mweupe, usio na mafuta wala chumvi.

Kitu chenye ukali kilikuwa tayari nyumbani. Tangu Jumatano alikuwa amekata kabichi, akaipaka chumvi, akaiacha saa kadhaa hadi ikalegea, akaiosha, akaikamua, akaichanganya na pilipili ya unga, tangawizi na vitunguu saumu, kisha akaishindilia katika chombo safi chenye kifuniko. Hiyo ni kimchi, ambayo Wakorea hawaikosi mezani. Kazi ya kuitengeneza kwa pamoja, familia na majirani, iliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni ya UNESCO. Dada yangu alipofunua chombo na kusikia harufu, alidhani imeoza, nusura aimwage. Lakini sisi tunaokunywa mtindi na togwa, tuna sababu gani ya kuogopa kabichi iliyochachuka?

Sokoni tulinunua mchicha, akauchemsha kidogo tu, akaukamua na kuuchanganya na ufuta uliokaangwa na kutwangwa. Tulinunua matango na karoti, akazikata nyembamba na kuzitia siki. Tulinunua majani ya saladi, ambayo mtu hukunjia kipande cha nyama na wali kidogo, akala kwa mkono. Vitu hivi vyote ni vya hapa hapa. Kilichotoka mbali ni soya sosi, ambayo nayo inapatikana madukani.

Tukakaa kula. Sinia la nyama likawa katikati, na kulizunguka vibakuli vingi. Nilimwona dada akihesabu vipande kwa macho. Mama yetu mzazi, ambaye umri umeenda na meno yamepungua, aliangalia meza yote, akauliza, "Chakula ni kipi hapa?"

Mjukuu akamjibu, "Bibi, chakula ni wali."

"Na hivi vingine?"

"Hivi vyote ni mboga, bibi. Na nyama pia ni mboga."

Mama akacheka. "Basi hawa watu ni kama sisi."

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipoacha kula kwa muda. Ni kweli. Katika lugha yetu ya nyumbani huku bara, tukiuliza, "Leo mboga gani?", jibu linaweza kuwa maharage, dagaa, majani ya maboga, au nyama. Nyama ilikuwa mboga mojawapo, imekaa na wenzake. Ugali au wali ndio uliokuwa mwenyeji. Wakorea nao wana jina moja, banchan, kwa vyote vinavyosindikiza wali, na kila mlo huwa navyo kadhaa.

Sisi tumebadilika. Tukitaka kumheshimu mgeni, tunaagiza kilo za nyama choma, na kachumbari inakaa pembeni ya sinia kama pambo, vijiko viwili kwa watu sita. Asiye na uwezo wa kilo hizo huona aibu kualika watu. Na anayezimudu huona kuweka mchicha mezani ni kutangaza umaskini.

Aibu hii ina gharama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wenye udumavu, walio chini ya miaka 5, walikuwa asilimia 30 kwa nchi nzima. Lakini Iringa walikuwa kama asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine! Udumavu una sababu nyingi: maradhi, maji yasiyo safi, mama mjamzito asiyepata kupumzika. Ila mojawapo ni sahani yenye kitu kimoja. Mtoto anayeshiba ugali na mchuzi kila siku ameshiba, lakini hajalishwa vya kutosha, wakati kabichi, karoti na maparachichi vinapakiwa kwenye malori kuelekea Dar es Salaam.

Sisemi tuache nyama. Wala sisemi kila nyumba ya Mwanjelwa itengeneze kimchi. Na ukiitengeneza, watoto wapunguzie pilipili. Ninachosema ni kwamba siku ukinunua nyama, usimalize fedha yote buchani. Bakiza ya kupita kwa akina mama wa mboga, ujiulize swali la yule binti: nyama hii haina nini? Tafuta chachu, tafuta majani, tafuta cha kutafuna. Maharage yakiwepo, yasione haya kukaa karibu na nyama.

Na zile kilo 2? Zilitosha. Nyama iliisha, wali ukabaki kidogo, na chombo cha kabichi kikarudi jikoni kitupu. Jirani mmoja aliomba afundishwe kuitengeneza. Dada yangu, ambaye nilimhesabia akiongeza kabichi mara tatu, bado anasema ilifaa tuongeze kilo moja. Sikubishana naye. Ila Jumatano iliyofuata nilipita kwake jioni, nikamkuta anapaka kabichi chumvi.

Kwa leo naishia hapa. Nawatakia mlo mwema.