Mjasiriamali naye apumzike

Msikilizaji, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa moja akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na siku nzima ya kupumzika kila wiki. Mwenye duka, wakala wa fedha au mama lishe wa hapa Msamala, Songea, hana wa kumpa haki hiyo. Yeye ndiye bosi, na mara nyingi hujionea huruma kidogo kuliko bosi yeyote.

Gharama ya kutopumzika inajulikana. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko afanyaye saa 35 hadi 40. Anayefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, siku 6, amefikisha saa 84.

Dawa si ngeni. Wamonaki Wabenediktini wa Peramiho, majirani zetu tangu 1898, hukatiza kazi kila siku kwa sala na tafakuri, na kazi zao hazijafa. Mwislamu naye huitwa na adhana mara 5. Hata dakika 10 za ukimya, simu ikiwa imezimwa, zinatosha kuanzia.

Mjasiriamali, funga biashara siku moja kwa wiki, pima presha, lala mapema. Afya ndiyo mtaji usiokopesheka benki.