Sahani ya Mtoto ni Amana
(Mhadhara kwa wazazi wa Kiislamu)

Himidi zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Mada yetu ya leo huenda ikamshangaza aliyezoea kusikia habari za swala, zaka na mirathi peke yake. Tutazungumzia sahani ya mtoto wa miezi minane au tisa, yule ambaye sasa anakaa mwenyewe, ananyoosha mkono kutaka chakula na kukipeleka kinywani bila ya kulishwa. Asidhani mtu kwamba hii ni mada ya jikoni tu. Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, Allah (s.w.) ametufunza kuwa mama humnyonyesha mtoto miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha unyonyeshaji, na kwamba chakula na mavazi ya mama huyo ni juu ya baba kwa kadiri ya wema. Kisha akabainisha kuwa wazazi wakitaka kumwachisha ziwa kabla ya muda huo, wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Neno lililotumika ni tashaawur, nalo kwa Kiarabu ni kushauriana kwa pande mbili, si amri ya mmoja. Basi ikiwa ziwa lenyewe haliachishwi ila kwa shura, vipi chakula kinachoingia pamoja na ziwa hilo kiwe ni jambo la mama peke yake, na baba asijue mwanawe amekula nini tangu asubuhi?

TATIZO LIKO WAPI?

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mkoa uliotajwa kuwa na udumavu mkubwa zaidi ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa ambako ni takriban nusu. Hii ni mikoa inayosifika kwa kulima mahindi. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa!

Yapo maradhi na sababu nyingine, lakini somo kubwa hapo ni kuwa kushiba si kulishika. Mtoto aliyejazwa uji mweupe asubuhi, mchana na jioni hulala ameshiba, ilhali mwili wake una njaa ya madini ya chuma, ya vitamini na ya protini. Sehemu kubwa ya udumavu hujengeka katika kipindi hiki hiki cha baina ya miezi 6 na miaka 2, wakati maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua mno afikapo nusu mwaka. Na udumavu hauishii kwenye kimo. Hugusa ubongo, na kesho tunamtaka mtoto huyo ahifadhi Qur'an.

TUHUMA ZISIZO NA MSINGI

Mtoto anapoanza kudhoofika katika umri huu, nini husemwa mitaani kwetu? Husemwa "amebemendwa". Hudaiwa kuwa wazazi wamekutana kimwili ilhali mama ananyonyesha, au kuwa mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama wa watu hutuhumiwa zinaa bila ya mashahidi wanne, na hilo ni katika madhambi makubwa kama ilivyo katika Suratun-Nuur, aya ya 4. Kisha mtoto huvishwa hirizi kiunoni, ilhali Mtume (s.a.w.) ametubainishia, katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, kuwa kutundika hirizi ni shirki. Fedha ya mayai imekwenda kwa mganga, na sahani imebaki na uji ule ule.

Tazameni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Bi Judama bint Wahb (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikusudia kuwakataza watu na ghila, nayo ni mume kumwendea mkewe anayenyonyesha, wako wanazuoni walioeleza kuwa ni mama kunyonyesha akiwa mjamzito. Waarabu walihofia kuwa jambo hilo humdhuru mtoto. Kisha Mtume (s.a.w.) akatazama hali ya Warumi na Waajemi, akaona kuwa wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi hakukataza. Ndugu zangu, huu ni ushahidi wa wazi dhidi ya itikadi ya kubemenda. Anayedhoofika apelekwe kituo cha afya, apimwe uzito na kimo, na sahani yake ikaguliwe.

WALIOTANGULIA WALIJUA

Imamu Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350 Miladia), aliandika kitabu kiitwacho Tuhfatul-Mawduud kuhusu hukumu za mtoto anayezaliwa. Humo amenasihi kuwa mtoto abakie na maziwa peke yake mpaka meno yaanze kuota, kwa kuwa tumbo lake bado ni dhaifu. Kisha apandishwe daraja kwa daraja: mkate uliolowekwa, kisha vyakula vya kupikwa na mchuzi usio na nyama, kisha nyama laini iliyopondwa barabara. Leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha chakula cha nyongeza huku unyonyeshaji ukiendelea hadi miaka 2 au zaidi. Meno ya kwanza ya watoto wengi huchomoza kiasi cha umri huo huo. Utaratibu wa kupanda daraja ndio ule ule: uji mzito na chakula kilichopondwa kwanza, vyakula vya kushika kwa mkono afikapo miezi 8 hivi, na chakula cha familia nzima afikapo mwaka mmoja.

KUPANGA MLO KWA WEPESI

Wataalamu wa lishe wanagawa vyakula vya mtoto katika makundi manane: (1) maziwa ya mama, (2) nafaka, mizizi na ndizi za kupika, (3) jamii ya kunde na karanga, (4) maziwa ya mnyama na mtindi, (5) nyama, kuku, samaki na maini, (6) mayai, (7) matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, kama vile papai, embe, boga, viazi vitamu vya njano na mchicha, (8) matunda na mboga nyinginezo. Mtoto apate walau makundi matano kila siku.

Hapa pana kosa lililoenea. Mama husaga mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano pamoja, akaamini kuwa amekusanya kila kitu. Nafaka tano ni kundi moja tu! Chagua nafaka moja, kisha utafute makundi mengine. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yasitumike kabisa, kwani yana sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wala mtoto hahitaji kupikiwa chungu chake. Chakula kinapoiva, mtengee fungu lake kabla hujatia chumvi na pilipili. Huu hapa mfano wa siku tatu, kisha unarudia kwa kubadilisha, huku ziwa likiendelea:

Siku ya kwanza. Asubuhi: uji mzito wa mahindi uliotiwa maziwa yaliyochemshwa, na vipande vya papai. Mchana: matonge madogo ya wali laini, maharage yaliyopondwa na mchicha uliokatwa vizuri. Jioni: vipande vya kiazi kitamu cha njano kilichochemshwa, na yai lililochemshwa likaiva kabisa.

Siku ya pili. Asubuhi: kiazi mviringo kilichopondwa na vipande vya parachichi. Mchana: ugali laini, samaki aliyetolewa miiba yote, na matembele. Jioni: ndizi za kupika zilizochemshwa, na choroko zilizopondwa.

Siku ya tatu. Asubuhi: uji wa ulezi na ndizi mbivu. Mchana: wali, boga lililochemshwa na maini ya kuku yaliyopondwa. Jioni: ugali laini, kunde zilizopondwa na vipande vya embe bivu.

Kila siku hapo imekusanya makundi sita pamoja na maziwa ya mama. Asiyepata samaki, dagaa waliosafishwa na kupondwa wanatosha. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 hula milo 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ni milo 3 hadi 4, na kitu kidogo baina ya milo, kama tunda. Kipimo cha mlo mmoja kwa mtoto wa miezi 9 hadi 11 ni kiasi cha nusu ya kikombe cha mililita 250.

Chai asipewe, kwani huzuia mwili kupata chuma kilichomo katika chakula. Soda, juisi za paketi na biskuti tamu si chakula cha mtoto. Na asali, ambayo Allah (s.w.) ameijaalia kuwa na ponyo (Suratun-Nahl, aya ya 69), isipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda. Dawa njema nayo ina wakati wake na mtu wake.

USALAMA WA ANAYEJILISHA

Mtoto wa miezi minane hushika kwa kiganja kizima, hivyo mkatie chakula kwa urefu wa kidole ili ncha ijitokeze. Afikapo miezi tisa hivi huanza kudonoa kwa vidole viwili, nawe waweza kumpa vipande vidogo. Kipimo ni hiki: chakula kiwe laini hata ukikibonyeza baina ya vidole viwili kinapondeka. Karanga na korosho nzima, bisi, pipi, karoti mbichi, zabibu nzima na tende yenye kokwa ni hatari ya kumkaba. Karanga zilizosagwa laini zitiwe katika uji, na nzima zisubiri mpaka miaka mitano.

Ale akiwa amekaa wima, na mtu mzima amwangalie. Akipaliwa na kukohoa kwa sauti, mwache akohoe. Lakini akinyamaza, hawezi kulia wala kupumua, usiingize kidole bila ya kuona kitu. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige katikati ya mgongo mara tano kwa kisigino cha kiganja. Kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua mara tano, urudie huku mwenzako akiita msaada. Hii ni kwa asiyetimiza mwaka. Mikono ya mtoto na ya mlishaji ioshwe kwa sabuni, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kisha akapewa.

Wala asilishwe kwa nguvu kwa kubanwa pua. Chakula kipya akikikataa leo, kirudishe kesho na keshokutwa kwa upole.

MKONO WA KULIA NA MFUKO WA BABA

Umar bin Abi Salama (r.a.) alikuwa kijana mdogo katika malezi ya Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka ndani ya sahani. Mtume (s.a.w.) hakumfukuza wala hakumpiga. Alimfunza amtaje Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Wameipokea Bukhari na Muslim. Mtoto wa miezi tisa hafahamu maneno, ila husikia Bismillah kabla ya kila mlo na huona mkono gani unatumika. Sahani yake ya mwanzo ndiyo madrasa yake ya mwanzo.

Na kwenu akina baba. Wanahistoria wamepokea kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akiwapa posho kutoka Baitul-Maal watoto walioachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia kilio cha mtoto. Mama yake, asiyemjua anayesema naye, akamweleza kuwa anamwachisha mapema ili apate posho. Sayyidna Umar akaswalisha Alfajiri akilia, kisha akaamuru kila mtoto apewe posho tangu kuzaliwa. Fahamuni: mama yule hakukosa huruma, alikosa matumizi. Wangapi leo wanampikia mtoto uji mtupu kwa sababu hiyo hiyo, huku baba akichangia sherehe ya jirani kwa fedha ambayo ingenunua trei la mayai?

Ninawanasihi na ninainasihi nafsi yangu. Usiku wa leo kila mume mwenye mtoto wa umri huu aketi na mkewe, wahesabu makundi aliyokula mtoto wao leo, na waandike ya wiki inayokuja. Wasipofikia matano, wajue cha kununua kesho sokoni. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tunamuomba Allah (s.w.) awajaalie watoto wetu afya, elimu na ucha Mungu, na awajaalie wazazi wetu riziki ya halali yenye baraka. Aamin.

Wa billahit-tawfiiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.